Ukoo wa Mfipa Hautafutwi Ofisi ya Ardhi Kwanza

Anayefuatilia ukoo wake Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, asianzie ofisi ya ardhi. Hati yenye jina la babu wa babu hataikuta, maana shamba lilikuwa chini ya kijiji: mtu alilima alipoishi, akihama aliliacha. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1960, alionyesha kwamba hata kijiji chenyewe hakikuwa cha ukoo mmoja. Kwa hiyo jina la kusaka kwanza ni la kijiji.

Jina hilo limo kwenye daftari la ubatizo. Katika parokia kongwe za Wamisionari wa Afrika, kama Kate na Mwazye, mstari wa Kilatini hubeba jina la mtoto, wazazi, msimamizi na mahali walikotoka. Usome hadi pambizoni. Hapo ndipo ndoa ilipoongezwa miaka mingi baadaye, pamoja na parokia ilikofungwa, nawe umeshajua binti alihamia upande gani.

Ndipo ufungue ramani ya Wajerumani ya wachoraji ramani Sprigade na Moisel, iliyochapwa Berlin kwa kipimo cha 1:300,000. Sentimita moja ni kilomita tatu, hivyo nukta ikikosewa kwa milimita mbili tu, kijiji kimesogea mita 600. Tena wapimaji walitegemea dira na saa za mwendo: palipo kando ya njia ya msafara pana uhakika, pa mbali na njia ni pa kukisia. Majina mengi ni ya majumbe waliotawala wakati huo, kwa tahajia ya Kijerumani, ambamo j husomwa y na sch husomwa sh. Ukiipandisha kwenye kompyuta, ifunge kwa vilele vya milima, makutano ya mito na Kasanga, ambayo humo imeandikwa Bismarckburg.

Ilinganishe na karatasi za ramani za 1:50,000 zilizochorwa kwa picha za ndege. Hapa wengi hupotea. Karatasi hizo zinatumia mfumo wa Arc 1960, simu yako WGS 84; ukihamisha namba za gridi bila kuzibadili utasimama kama mita 300 pembeni, na mahame utayakosa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 nayo ilihamisha watu, na mara nyingine jina likahama nao. Kibao cha barabarani si ushahidi.

Ili kuthibitisha kijiji kilipokuwa, ardhini tafuta malungu, zile tanuru ndefu za kuyeyushia chuma ambazo mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezichunguza kwa kina wilayani Nkasi. Mabaki yake hayahamishiki.

Hati za kimila zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 zije mwisho. Shamba linapohakikiwa, majirani wanaopakana huitwa waonyeshe mipaka. Walinganishe na wasimamizi wa ubatizo walio kwenye daftari. Jina likijirudia pande zote mbili, kapige hodi kwa jirani huyo kabla ya kwenda kwingine.