Sentensi Moja Iliyofutwa, Viti Vinne Vilivyolipiwa

Kosa halikuwa la modeli. Nalisema mapema, maana tangu onyesho la wakala wa AI wa kukata tiketi liishe watu wanaibebesha modeli lawama kana kwamba ndiyo iliyoandika maelezo ya zana zake.

Mliona wenyewe. Wakala kaambiwa akate tiketi moja ya basi, Dodoma kwenda Mwanza. Akasoma ratiba, akachagua kiti, akatuma POST. Sekunde kumi zikapita, zana ikarudisha neno moja: "imeshindikana". Akatuma tena. Na tena. Mara ya nne ikaja 201, ukumbi ukapiga makofi. Orodha ya abiria ilipofunguliwa, jina lile lile limekalia viti vinne, vyote vimelipiwa.

Turudi kwenye uamuzi uliosababisha hayo. Toleo la awali la maelezo ya zana ile lilikuwa na sentensi hii: "Ombi likichelewa huenda limeshafika; usirudie kabla ya kukagua oda kwa soma_oda." Nimeiona kwenye historia ya msimbo. Kisha mtu akaifuta, na sababu akaiandika: kupunguza tokeni. Kilichobaki ni "Hutuma ombi la HTTP na kurudisha jibu." Basi.

Jiweke mahali pa modeli. Haioni seva. Haioni msimbo wa zana, wala haijui kwamba zana hukata tamaa baada ya sekunde kumi wakati upande wa malipo bado unachakata. Inachokiona ni jina, vigezo na yale maneno saba. Ukiambiwa dirishani "imeshindikana", wewe utafanya nini? Utajaribu tena. Kumbe ukweli ulikuwa "sijui kama imefanyika", na kati ya kauli hizo mbili ndipo zilipopotelea nauli tatu. Hizo ndizo tokeni zilizookolewa.

Tena zana yenyewe ilibeba GET na POST kwa pamoja, ya kusoma na ya kulipa mlango mmoja. Nimelipigia kelele hili mpaka nimechosha watu: zana ya kila kitu haielezeki kwa sentensi moja, na wanaoipenda ndio hao hao wasiotaka kuandika ya pili.

Wala hatari ya kurudia ombi si jambo jipya. Roy Fielding na wenzake waliandika katika RFC 2616, waraka wa kanuni za HTTP wa Juni 1999, kwamba ombi ambalo kulirudia si sawa na kulituma mara moja ni marufuku kurudiwa kiotomatiki. Marufuku. Mwaka 2022 RFC 9110 ikalegeza ikawa "haipaswi", na mimi hilo sijawasamehe. Lakini hata hiyo RFC iliyolegea inataka uwe na njia ya kujua kwamba ombi la kwanza halikufanya kazi, au kwamba kulirudia hakuna madhara. Njia hiyo ilikuwa ndani ya sentensi iliyofutwa.

Wazee wetu wa programu hawakuona haya kukiri kasoro. Kitabu cha maelekezo cha Unix cha Novemba 1971, cha Ken Thompson na Dennis Ritchie, kilikuwa na sehemu inayoitwa BUGS, mwandishi akizitaja mwenyewe kasoro za programu yake. Siku hizi maelezo ya zana yanaandikwa kama tangazo la kiwanja: hati safi, barabara ipo, maji yapo. Bonde linalojaa mvua ikinyesha utalikuta mwenyewe.

Najua kuna atakayesema itifaki ya MCP, inayounganisha modeli na zana, ina alama ya idempotentHint ya kuonyesha kwamba kurudia hakuna madhara. Ipo. Ni dokezo kwa programu inayomwendesha wakala, na si kila programu huifikishia modeli. Maelezo ndiyo modeli inayoyasoma.

Walioandika zana hii niwape haki yao: kwenye jibu la 429 (maombi yamezidi) walimwelekeza wakala asome Retry-After na asubiri, na kurasa ndefu walizikata vizuri. Haya.

Irudisheni ile sentensi kama ilivyokuwa. Tenganisheni zana ya kusoma na ya kulipa. Pale penye "imeshindikana" andikeni "muda umeisha, hali ya oda haijulikani". Na yule abiria arudishiwe nauli za viti vitatu.