Fundi wa Kurudisha Swali

Mafundi wa Igalula wanafahamika kwa kazi za mikono yao. Yupo anayechonga mzinga wa gome la mti ukakaa porini misimu mingi, na yupo anayejua moto wa bani la tumbaku upunguzwe saa ngapi za usiku. Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi mwingine, ambaye kazi yake haionekani kwa macho. Ni mtu anayeweza kuwakalisha wenzake kumi kwenye mduara, akawauliza jambo, na baada ya saa moja wakaondoka wanajua kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuja nacho, ilhali yeye hajawahutubia. Kiongozi wa kikundi cha majadiliano. Hapewi cheti na halipwi, na mara nyingi hata mwenyewe hajui kwamba ana ufundi.

Igalula iko wilayani Uyui, mashariki mwa mji wa Tabora, kwenye Reli ya Kati. Mtoto wa huku anaongea Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani. Anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu anamaliza kipindi, ubao umejaa, madaftari yamejaa, na nusu ya darasa haijaelewa. Ndiyo maana diskasheni za jioni si pambo la masomo. Kwa wengi, hapo ndipo somo linaposikika kwa mara ya kwanza katika lugha wanayofikiria nayo.

Niliwahi kukaa pembeni mwa kikundi kimoja cha kidato cha pili, chini ya mwembe, wakijiandaa na mtihani wa historia. Swali lao lilikuwa biashara ya masafa marefu: kwa nini Wanyamwezi waliimudu kuliko majirani zao. Kijana mmoja akasoma hoja zake kwa Kiingereza, ya kwanza hadi ya sita, bila kuinua kichwa. Wenzake wakashika kalamu waanze kunakili. Binti aliyekuwa anaongoza akafunga daftari lake.

"Subirini kwanza. Hoja ya tatu inasema wanaume walikuwa na nafasi ya kusafiri. Hiyo nafasi waliipata lini?"

Wakanyamaza. Naye akanyamaza, na hilo ndilo lililonivutia. Mtu asiye fundi angeona aibu ya ukimya ule akaujaza kwa jibu lake. Yeye aliuacha mpaka ukaanza kuwasumbua, kisha akamgeukia mvulana aliyekuwa hajasema neno tangu waanze.

"Kaka, kwenu mnalima mahindi na karanga. Baba anapumzika miezi gani?"

"Tukishavuna. Kuanzia mwezi wa sita hivi. Novemba mvua zikikaribia anarudi shambani."

"Na kwenda pwani kwa miguu?"

Mwingine akasema miezi miwili, mwenzake akambishia kuwa ni mitatu kama mizigo ni mizito. Wakajumlisha kwenda na kurudi, na siku za kusubiri bidhaa huko Bagamoyo. Hesabu ikagoma: kiangazi hakikutosha. Sasa hakuna aliyekuwa ananakili tena. Msichana mmoja akauliza kwa sauti ya kukasirika kidogo: kama wanaume walichelewa, mashamba yalilimwa na nani? Wakafika penye jambo ambalo daftari lilikuwa limelipita bila kulitaja. Walilima wanawake, na walilima watumwa walionunuliwa kwa faida ya safari hizohizo. Hoja ya tatu, iliyokuwa mstari mmoja wa kukariri, ikageuka kuwa habari ya bibi zao.

Yule binti aliuliza maswali matatu tu. Hakuwaambia jibu hata moja, na nadhani mengine hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa kufahamu nani anajua nini. Alijua kwamba mvulana yule mkimya, anayeshika nafasi za mwisho kwenye mitihani, ana kalenda ya kilimo kichwani iliyo kamili kuliko ya kitabu chochote, na kwamba akiulizwa kwa njia ya shamba atajibu. Uhodari wa namna hii haupimwi na mtihani wowote ninaoujua.

Nchi hii ya Unyamwezi iliwahi kuwa na mtu wa kazi hiyo kwenye njia za misafara. Kirangozi alitangulia mbele ya wapagazi, lakini hakuwa na nguvu ya kuwalazimisha. Wakikataa mwendo wa siku, mizigo ilikaa chini, na jioni kambini watu walijadiliana mpaka wakubaliane wapi watalala kesho na maji yatapatikana wapi. Alitegemea kujua njia na kujua watu, na hiki cha pili ndicho kilichofikisha msafara. Kiongozi wa kikundi naye hana fimbo wala alama za kugawa.

Taifa letu limewahi kuutumia ufundi huu kwa kiwango ambacho leo ni vigumu kukiamini. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's mjini hapo kabla ya kuingia kwenye siasa, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati huo sehemu kubwa ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa majuma 12. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, vikiongozwa na viongozi wapatao 75,000. Kikundi kilisikiliza kipindi cha redio, kiongozi akasoma sura ya kitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha redio ikazimwa na mazungumzo yakaanza. Malaria, kichocho, safura, kuhara damu, kifua kikuu.

Redio ilizimwa. Jambo hilo dogo linanigusa kila ninapolifikiria. Waliopanga kampeni walikuwa na sauti inayofika nchi nzima kwa mara moja, na wangeweza kuwaagiza watu wachimbe vyoo kisha wakalala. Walielewa kuwa sauti ya Dar es Salaam inaweza kusema mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, lakini haiwezi kuuliza ni dimbwi lipi hapa kwetu, ni la nyumba ya nani, na nani atakwenda kuzungumza naye bila kumvunjia heshima. Swali hilo lilimhitaji mtu wa kijiji, anayejua kwamba mzee fulani hakosolewi hadharani, na kwamba akina mama hawatasema neno kuhusu choo mpaka kwanza waulizwe wao habari ya maji. Vyoo vikachimbwa kwa maelfu, kwa sababu uamuzi ulitoka midomoni mwa waliokwenda kuchimba.

Hayo yote hayakuwa safi. Vikundi vingine vilikosa redio au betri, na vitabu havikufika kila mahali kwa wakati. Pengine kiongozi alikuwa kada aliyezoea kuamrisha, na majadiliano yakawa hotuba yenye makofi. Ugonjwa huo bado upo mashuleni. Kuna diskasheni ambayo mwanafunzi mmoja hodari anafundisha na tisa wananakili, na wote wanarudi bweni wakiamini wamejadiliana. Naiona ni hasara kubwa kuliko kutojadiliana kabisa, maana yule hodari anajifunza kudharau, na wale tisa wanajifunza kwamba akili ni mali ya mtu mwingine.

Wakulima wametutangulia kidogo katika hili. Kwenye shamba darasa, mtindo uliofika kwetu kutoka Indonesia, bwana shamba anayejua kazi yake hawaambii watu huyu ni mdudu gani. Akiulizwa, anauliza: umemkuta wapi, anakula nini, na nini kinamla yeye? Mkulima anarudi kwenye mistari ya mahindi kuangalia.

Tofauti yetu na mwaka 1973 ni mafunzo. Wale viongozi hawakuachwa waokoteze ufundi peke yao. Mafunzo yalishuka ngazi kwa ngazi, kutoka taifa hadi mkoa, wilaya hadi kijiji, na mtu alifundishwa namna ya kukaa, kuuliza na kufunga kikao kwa jambo la kutenda. Leo kiongozi wa diskasheni anateuliwa kwa sababu ya alama zake, halafu anaachwa. Yule binti wa Igalula alijifunza wapi? Sikumuuliza. Pengine kwa bibi yake, kwenye moto wa jioni, ambako mtoto hupewa kitendawili na hapewi jibu mpaka atoe mji.

Siku mbili za Januari zingetosha, kabla mwaka wa masomo haujashika kasi. Mwalimu mmoja awachukue viongozi wa vikundi peke yao, asiwafundishe somo lolote. Awafundishe kukaa kwenye mduara na si mbele ya safu. Awazoeze kuhesabu kimyakimya mpaka kumi baada ya kuuliza, na kumwita msemaji mkuu kwa heshima na kumwomba apumzike. Awape nafasi ya kujaribu mbele ya wenzao, wakosolewe, wajaribu tena. Na awazoeze kuandika kwenye daftari la kikundi swali lililowashinda wote, lipelekwe kwa mwalimu wa somo asubuhi, likiwa na jina la kikundi badala ya jina la mtu mmoja.