Miaka 33 kwa Kila Mfalme: Tahakiki ya Daftari Moja la Historia

Jumamosi moja, baada ya umuganda, mwanafunzi wetu mmoja alitufuata nyumbani Muhima akiwa na daftari mkononi. Hasomei historia. Anasomea Kiswahili, kama wengi wa wasomaji wa jarida hili, na historia ya kale ni jambo analolipenda tu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinakili majina na miaka ya wafalme wa Rwanda, na sasa alitaka kuyageuza yawe kifungu cha ufahamu atakachotumia katika mazoezi ya kufundisha. Alituomba tusahihishe lugha. Tuliisahihisha, lakini tuligundua kwamba kosa kubwa halikuwa la upatanisho wa kisarufi. Tunalijadili hapa kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kuwa na daftari kama hilo.

Ukurasa wa kwanza ulisema: Gihanga 1081–1114, Gahima 1114–1147, Musindi 1147–1180. Msomaji na apige hesabu. Kila mmoja ametawala miaka 33 kamili, wala hakuna aliyekufa mapema au kuishi mno. Tukitazama enzi za karibu, ambazo tuna maandishi yake, mambo hayaendi hivyo. Mibambwe IV Rutarindwa aliingia mwaka 1895 na kuangushwa 1896. Yuhi V Musinga aliyemfuata alikaa hadi 1931.

Je, miaka hiyo 33 ilitoka wapi? Ilitoka kwa Padri Alexis Kagame (1912–1981). Shahada yake ya uzamivu, aliyoipata Roma mwaka 1955, ilikuwa ya falsafa, si ya historia. Hata hivyo, bila kazi yake ya kukusanya ibisigo na masimulizi ya wazee wa ikulu, sehemu kubwa ya hazina hiyo ingezikwa pamoja nao. Kagame alichukua nasaba ya wafalme, akakisia kizazi kimoja kuwa miaka 33, kisha akahesabu kurudi nyuma. Kwake hayo yalikuwa makisio yenye sababu zake. Walionakili baada yake waliziacha sababu wakabeba tarehe.

Jan Vansina, ambaye kabla ya kuja Afrika alisomea historia ya zama za kati za Ulaya, alisimamia ukusanyaji wa ibitekerezo nchini Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 anamweka Ruganzu Ndori katika karne ya 17. Daftari letu linamweka 1510–1543. Tofauti hiyo inapita karne nzima, na mwanafunzi hakuwa ameisikia.

Kwa maoni yetu, hapa ndipo mwalimu wa lugha ana la kusema. Hatuna vifaa vya kuchimba ardhi, lakini tumefunzwa kuuliza habari za fani kabla ya kupokea maudhui. Tuanze na majina. Gihanga ni kutokana na kitenzi guhanga, yaani kuumba au kuanzisha. Kigwa, anayesimuliwa kuwa aliteremka kutoka mbinguni, ni kutokana na kugwa, neno ambalo Kiswahili cha kale nacho kinalitumia kwa maana ya kuanguka. Mtu anayeitwa Mwanzilishi ameanzisha, na anayeitwa Mwanguko ameanguka. Anayekutana na majina ya namna hiyo katika ngano huyatambua mara moja. Kwa nini tuyapitie tu yanapoitwa historia?

Jambo la pili ni mzunguko wa majina ya kifalme. Tangu Kigeri IV Rwabugiri wamefuatana Mibambwe, Yuhi, Mutara, kisha Kigeri tena. Kila jina lina kazi yake. Kigeri na Mibambwe ni wafalme wa vita. Yuhi ni mfalme wa moto, asiyeruhusiwa kuvuka Nyabarongo, mto unaopokea maji ya Nyabugogo yapitayo hapa chini ya Muhima. Mutara na Cyirima, wanaopokezana, ni wafalme wa ng'ombe. Basi tukisoma kwamba Kigeri fulani wa kale alipigana sana, tujiulize: alipigana kweli, au jina lilimdai apigane? Ni kama mizani na vina: mshairi huwa na uhuru, lakini ndani ya umbo alilolikuta.

Huenda mtu akauliza, kuna ubaya gani mtu akijifurahisha na tarehe? Jibu liko katika historia yetu. John Hanning Speke alikuwa afisa wa jeshi, si mwanahistoria. Hakuwahi kukanyaga Rwanda. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alikisia, kwa kutazama maumbo ya watu wa maeneo ya jirani, kwamba watawala wa eneo hili walitoka Uhabeshi. Dhana hiyo ilikuzwa na wengine, ikaingia katika vitabu vya shule, na hatimaye ikawa silaha mikononi mwa waliochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Makisio ya msafiri yalifundishwa watoto kama ukweli. Kifungu cha ufahamu nacho hufundishwa watoto.

Hatusemi wapenzi wa historia waache. Tunasema daftari liongezewe safu mbili: nani amesema, na amejuaje. Tulipomweleza hivyo, mwanafunzi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa Mwalimu, nifute yote?" Tulimwambia asifute hata jina moja. Nasaba ibaki, kwa kuwa ni fasihi yetu na watu waliitunza kwa kichwa vizazi na vizazi. Kinachohitaji kalamu nyekundu ni ile miaka, na maswali ya ufahamu yaanze na hili: kwa nini wote wametawala miaka 33?