Mtoto, Simba na Jirani wa Mbuga: Uhakiki wa Filamu ya The Lion

Filamu ya The Lion, iliyotolewa mwaka 1962, huhesabiwa miongoni mwa filamu za zamani zinazofaa kutazamwa na familia nzima. Iliongozwa na Jack Cardiff, ikapigwa nchini Kenya, na msingi wake ni riwaya ya Mfaransa Joseph Kessel iliyochapishwa mwaka 1958. Kisa chake ni chepesi: Tina, binti wa Kizungu anayeishi katika mbuga ya wanyama, amemlea simba tangu akiwa mchanga. Simba huyo, aitwaye King, yaani Mfalme, humtii yeye.

Kwa upande wa fani, filamu ina sifa zake. Cardiff alikuwa bingwa wa kamera kabla ya kuwa mwongozaji, na nyika inaonekana kwa uzuri wake wote. Pamela Franklin, aliyeigiza Tina, anaaminika katika kila onyesho. Kasoro imo katika maudhui.

Katika filamu hii, kumpenda simba ni dalili ya usafi wa moyo, na kumkabili ni dalili ya ushenzi. Kijana wa Kiafrika anayetaka kupambana na simba anawekwa mbele ya mtazamaji kama tishio kwa furaha ya mtoto. Swali la mfugaji anayelala karibu na simba haliulizwi.

Swali hilo ndilo la kwanza kwa mtazamaji wa Kishushe, katika Taita, kijiji kinachopakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi. Tangu Tsavo itangazwe kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, jirani zake wamekuwa wakiishi na wanyama wasio wao. Mkulima hukesha akilinda mahindi yasiliwe na ndovu. Mfugaji huzungushia zizi miiba. Mtoto hafundishwi kumpa simba jina, bali kutambua nyayo zake na kubadili njia. Hofu hiyo si ushenzi. Ni elimu, na ndani yake mna heshima kwa mnyama. Hata sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaikiri hatari hiyo, kwa kuweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama.

Fasihi simulizi nayo imemchora simba, lakini kwa namna nyingine. Katika ngano, simba ni mwenye mabavu, na sungura humshinda kwa werevu. Mtoto anayesikiliza hujiona katika sungura, yule mdogo asiye na nguvu. Filamu inaupindua uhusiano huo: mtoto ndiye mwenye amri, na Mfalme wa nyika ndiye mtumwa wake. Filamu hii ilitoka mwaka mmoja kabla ya Kenya kupata uhuru, Desemba 1963. Si lazima kudai kwamba mwongozaji alikusudia fumbo la kisiasa. Hata hivyo, picha ya binti wa mtawala aliyemshika mfalme wa nchi kwa manyoya ya shingo haikuwa picha isiyo na upande.

Huenda mtetezi wa filamu akasema kwamba kisa kinaisha kwa simba kupigwa risasi na Bullit, mlinzi wa mbuga mwenyewe, na kwa hiyo kinaonya kwamba simba si mwanasesere. Hoja hiyo ina uzito. Lakini msiba unaombolezwa ni wa Tina na simba wake. Wenyeji wanabaki kuwa sababu ya msiba, si watu wenye msiba wao.

Kutoipenda filamu hii, basi, si kumchukia mnyama. Watu wa Kishushe wanamjua simba kuliko Tina, kwa kuwa wao hawana mlinzi mwenye bunduki nyumbani. Filamu inayoitwa ya familia nzima ingepaswa kuikumbuka familia hiyo pia.