Kosa Lenye Mashahidi

Mwaka 1988 huko Las Vegas, fainali ya ubingwa wa dunia wa poka ilibaki na watu wawili. Erik Seidel alishika malkia na saba. Karata tatu za kwanza kufunuliwa mezani zilikuwa malkia, kumi, kisha nane, naye akajiona na jozi ya malkia. Mpinzani wake, Johnny Chan, alikuwa na jeki na tisa, yaani mfululizo wake ulishatimia kuanzia nane hadi malkia. Chan akajifanya hana kitu. Mwishowe Seidel akasukuma chipu zote katikati, Chan akamfuata, mchezo ukaisha papo hapo.

Kwa maoni yangu Seidel hakufanya ujinga, maana mkiwa wawili tu, jozi ya malkia ni mali. Lakini watazamaji huhukumu karata zikiwa zimeshafunuliwa. Tena mwaka 1998 filamu ya Rounders ikaitumia video ya mchezo huo, na watu wasiojua hata kuchanga karata wakamfahamu Seidel kama yule aliyenaswa na Chan. Wakati huo bangili yake ya kwanza ya ushindi katika mashindano hayo ya dunia, ya mwaka 1992, alikuwa nayo kitambo. Tangu hapo zimefika kumi.

Kamari ni kamari, na anayeikataa kwa ajili ya dini yake simbishii. Ninachokisifu ni ufundi wa mgawo unaofuata kosa. Tuseme mchezaji amejaribu kuwatisha wenzake kwa mbili ya kopa na saba ya shupaza, karata ambazo huwezi kuanza na mbovu kuzishinda. Wakamfuata, akaumbuka, meza ikacheka. Asiye fundi hutaka kurudisha fedha na heshima kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo humalizwa. Fundi hutupa karata mgawo mmoja, wa pili, hata wa tatu, huku akipanga chipu zake taratibu. Anajua kwamba sasa wanamwona mwongo. Basi uongo anaupumzisha. Akija kupata jozi ya ree, anaweka kiasi kilekile alichoweka alipoumbuka, kwa mkono uleule usio na haraka, na waliocheka wanamfuata kwa furaha.

Ila hila hii haidumu, kwa sababu ng'ambo ya meza huenda yuko fundi mwingine, naye anahesabu ni migawo mingapi imepita tangu aione ile saba ya shupaza.