Aliyekata tamaa haendi kortini

Neno la Kiingereza "despair" halina utata mkubwa. Limetoka katika Kilatini, na shina lake ni "sperare", yaani kutumaini, likatiwa kiambishi cha kuondoa. Tumezoea kulitafsiri kuwa kukata tamaa, na hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu uko kwa ndugu yake, "desperate", ambaye tumemvika nguo ile ile ilhali haimtoshi.

Chukua sentensi ya aina hii, ambayo haikosekani katika taarifa za Meru na Embu: "Wakulima waliokata tamaa sasa waelekea mahakamani." Hebu isome tena. Kama wamekata tamaa, huko mahakamani wanafuata nini jamani? Bila shaka mwandishi alikuwa na "desperate farmers" kichwani. Maneno hayo mawili yana shina moja lakini yaliachana njiani. Mwenye "despair" ameketi, hana analongoja. Aliye "desperate" amebanwa kila upande, ila hajatulia, atajaribu lolote. Huyu wahenga wetu walimjua vizuri: mfa maji haachi kutapatapa.

Mei 2024, Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, wakuzaji wa Mbeere hawakuketi. Suala lilifikishwa Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha agizo hilo mwezi huo huo. Hao ndio tuwaite waliokata tamaa?

Wenzao wa Igembe wamepigwa zaidi. Uingereza ilifunga mlango wa miraa Juni 2014, kisha Somalia ikazuia mzigo kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022. Pigo la namna hiyo humvunja mtu moyo, lakini kuvunjika moyo nako si kukata tamaa. Moyo uliovunjika huungwa, hata kwa habari moja njema ya soko. Kufa moyo ndiko kunakokaribia "despair".

Wapo wanaoniambia ati tamaa ni uroho, kwa hiyo kuikata ni jambo jema. Ni uroho kweli katika "tamaa mbele, mauti nyuma", lakini katika msemo wetu ni matarajio. Anayeona shaka na aseme "kupoteza matumaini". Msemo huo unanukia Kiingereza kidogo, ila umeshazoeleka.

Mbona nashikilia jambo dogo hivi? Kwa sababu afisa aliye Nairobi akisikia wakulima wamekata tamaa, atawahurumia na kufunga faili. Akisikia wanahaha, huenda akauliza wanataka nini.

Kutapatapa kuna kejeli kidogo, nakubali, na sitaki mkulima achekwe. Habari ile ya kortini ningeiandika hivi: "Wakulima walioishiwa na njia waelekea mahakamani."