Lifti Zilipoondoka Berthoud Pass

Ukitoka Denver kuelekea magharibi na kuiacha barabara kuu penye mji mdogo wa Empire, barabara namba 40 inaanza kupanda kwa kona kali hadi kwenye kipito cha Berthoud Pass, mita 3,446 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo maji ya Amerika Kaskazini yanapogawana: theluji inayoyeyuka upande mmoja huelekea Pasifiki, ya upande wa pili huelekea Atlantiki. Pana maegesho ya magari, kibanda cha kuotea joto, na kandokando ya barabara miteremko mipana iliyofyekwa miti tangu zama za mababu. Asubuhi za baridi kali utawakuta watu pale wakifungua buti za magari na kushusha ski zao, ilhali bondeni, mwendo wa gari usiofika hata nusu saa, kiwanja cha Winter Park kina lifti zinazozunguka kutwa nzima. Berthoud haina lifti hata moja. Anayetaka kuteleza kwa dakika tatu sharti apande kwa miguu yake karibu saa nzima. Watu hao ndio ninaotaka kuwasifu, na zaidi kwa huko kupanda kwao.

Zamani mlima huu uliwapandisha watu kwa mashine. Berthoud ni kimojawapo cha viwanja vya kwanza vya ski huko Colorado. Mwaka 1937 ilifungwa kamba ndefu inayozunguka. Mtu aliishika kwa mikono miwili, glavu zikachakaa, naye akavutwa hadi juu. Mwaka 1947 ikaja lifti ya viti vya watu wawili wawili, miongoni mwa zile za mwanzo kabisa duniani. Lakini Winter Park ilikwishafunguliwa mwaka 1940, ikakua na kuwa kubwa, na mwaka 1973 handaki la Eisenhower likafunguliwa kwenye barabara nyingine kusini zaidi, magari ya wenye pesa yakapita huko. Berthoud ikafungwa, ikafunguliwa, ikabadilisha wenyewe, hadi mwaka 2001 ikafungwa moja kwa moja. Mwaka 2003 lifti ziling'olewa. Jengo la wageni nalo likabomolewa. Miteremko ikabaki, kwa kuwa mteremko hauna atakayeununua kwa bei ya chuma chakavu.

Mtu asiyejua atadhani kilichopungua ni chuma na nyaya tu. Njia zilizofyekwa katikati ya misonobari bado zipo, majina yake bado yanatajwa, mwinamo ni uleule. Ukitazama kutoka barabarani unaona kiwanja cha ski kilicholala usingizi, na kumbe theluji iliyolala juu yake si ile ya zamani hata kidogo.

Katika kiwanja kinachofanya kazi, theluji hukanyagwa. Kuanzia siku ya kwanza ya msimu maelfu ya ski hupita juu yake, mashine huisawazisha usiku, na walinzi huamka alfajiri kuilipua kwa baruti mahali panapotisha. Mkanyago huo ni tiba, kwani matabaka dhaifu huvunjwavunjwa kabla hayajafunikwa. Mlima ukiachwa, tiba inakoma, na ugonjwa wa Colorado unarudi. Ugonjwa wenyewe huanza Oktoba na Novemba, theluji ya kwanza inapoanguka kidogo kisha zikafuata wiki za anga safi na baridi kali. Ardhi chini yake ina joto la karibu nyuzi sifuri, hewa juu iko chini ya hapo kwa mbali, na kati yao theluji ni nyembamba mno. Mvuke hupanda kutoka chini kwenda juu, ukizinyonya chembe za zamani na kujenga nyingine kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari. Baadaye, Januari na Februari, dhoruba huja na kulaza tani na tani za theluji nzito juu ya msingi huo. Ikishapatikana siku yenye uzito wa kutosha, au mtu mmoja akipita mahali pembamba, bamba zima hukatika na kuondoka.

Si ajabu basi kwamba Colorado inaongoza majimbo yote ya Marekani kwa vifo vya maporomoko ya theluji. Wala si ajabu kwamba elimu ya mambo haya ina mizizi yake hapahapa. Mwaka 1949 mtaalamu wa Uswisi, André Roch, alizunguka milima ya magharibi ya Marekani na kuona kwamba theluji ya pwani, ya katikati na ya bara zina tabia tofauti. Idara ya misitu ikawa na vituo vitatu vya kuchunguza maporomoko: Alta huko Utah, Stevens Pass huko Washington, na Berthoud Pass hapa, palipowakilisha theluji ya bara, nyembamba na yenye hila. Kwa hiyo wanaopanda leo wanapita juu ya darasa la zamani, ingawa sidhani wengi wao huliwaza hilo wakiwa wamejiinamia kwa baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Ski ya kupandia ina kifungio chenye tabia mbili. Wakati wa kupanda, ncha ya kiatu ndiyo inayoshikwa na kisigino kinabaki huru kuinuka. Wakati wa kushuka, kisigino nacho kinafungwa. Wanaomkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyeshindana katika mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho na kumkuta mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akimsubiri amkumbatie, wamekwisha kuziona ski za kisigino huru. Zile za Boit zilikuwa nyembamba, za kupita kwenye njia iliyotengenezwa. Hizi za Berthoud ni pana na nzito zaidi, lakini hatua yake ni ya ukoo mmoja.

Chini ya ski hubandikwa ukanda mrefu uitwao ngozi. Watu wa kaskazini walitumia ngozi ya sili kweli. Siku hizi ni kitambaa cha nailoni au cha manyoya ya mbuzi wa Angora, gundi upande mmoja, vinyweleo upande wa pili. Vinyweleo vimelala kuelekea nyuma. Ski ikisukumwa mbele inateleza, ikitaka kurudi vinasimama na kuing'ata theluji. Ni kitu cha kale, hakina betri, na bado hakuna aliyebuni kilicho bora zaidi.

Mgeni na fundi huwezi kuwachanganya, hata ukiwa mbali. Mgeni hunyanyua mguu kila hatua, akibeba kiatu, kifungio, ski, na donge la theluji lililoganda juu yake. Baada ya nusu saa mapaja yanawaka moto. Fundi hanyanyui, anaburuta. Nyonga inasonga, goti linafuata, ski inapita juu ya theluji bila kuachana nayo, ikitoa mlio mmoja mwembamba usiokatika. Mwinamo ukizidi, mgeni huinamia mbele kwa hofu, na hapo ndipo anaporudi nyuma, kwa maana uzito umehama kutoka kwenye ngozi. Fundi husimama wima, kisigino kizito, ngozi yote ikashika. Pumzi yake ni kipimo chake. Akishindwa kuzungumza na mwenzake, anajua anakwenda kasi mno, na atatokwa na jasho, na jasho kwenye kilele chenye upepo hugeuka barafu mgongoni. Ndiyo maana utawaona wakongwe wakianza safari wakiwa wamevaa nguo chache kiasi cha kutetemeka. Dakika kumi za kwanza wanateseka kwa makusudi.

Lakini ufundi ninaouheshimu kuliko wote ni ule wa kuchora njia ya kupandia. Baada ya dhoruba, wa kwanza kufika hukuta mteremko mtupu. Yeye ndiye atakayeamua njia ipite wapi, na watu wote wa siku hiyo, pengine wa wiki nzima, watamfuata. Njia mbaya inapanda wima kwa ujeuri. Hadi saa nne imekanyagwa ikawa ngumu na ya utelezi, na kila anayepita anaapiza. Njia nzuri ina mwinamo mmoja tangu chini hadi juu, haitumii nguvu, inageuka pale ardhi yenyewe inapotoa nafasi ya kugeuka. Na juu ya starehe kuna usalama: njia nzuri inakaa ndani ya miti minene au juu ya mgongo wa mlima ambako upepo umepangusa theluji, haikatizi chini ya mteremko mkali wala chini ya ukingo wa theluji unaoning'inia. Hapa Berthoud upepo mwingi hutoka magharibi, unabeba theluji kuvuka mgongo wa bara na kuilundika upande wa mashariki, haraka kuliko inavyoweza kuanguka kutoka mawinguni. Mchoraji wa njia anayajua hayo yote, kisha anachora mstari unaoonekana kana kwamba haukuhitaji akili.

Njiani anasikiliza. Theluji dhaifu hutoa mguno mzito chini ya miguu, tabaka la chini linapoporomoka na sehemu kubwa ya mteremko kushuka sentimita moja au mbili kwa mpigo. Aliyeusikia mguno huo haulizi tena ushahidi mwingine. Usiposikika, kuna kuchimba. Beleshi linatoka mkobani, shimo linafika ardhini, ukuta wake unalainishwa, kisha inakatwa nguzo ya sentimita 30 kwa 30 iliyotenganishwa na theluji nyingine. Beleshi linalazwa juu yake na kupigwa kwa mkono: mara kumi kutoka kifundo cha mkono, kumi kutoka kiwiko, kumi kutoka bega. Idadi ya mapigo inasema kitu, lakini fundi hutazama zaidi namna nguzo inavyovunjika. Ikibomoka kwa kusuasua, kuna nafuu. Ikikatika ghafla, uso ukiwa laini kana kwamba umekatwa kwa kisu, anafunga mkoba. Na hata ikikataa kabisa kuvunjika hajipi uhuru wote, kwa sababu shimo linaeleza habari za pale lilipochimbwa, na mita hamsini mbele huenda habari ni nyingine. Nimependa sana tabia hiyo ya kufanya jaribio kwa uangalifu wote kisha kutoliamini kupita kiasi.

Wengi, siku theluji isipoaminika, huishia kwenye mteremko wa chini ya nyuzi 30, kwa kuwa bamba la theluji hukatika hasa kati ya nyuzi 30 na 45. Wana kipimo kidogo cha mwinamo, na wana vitu vitatu ambavyo hakuna anayepanda bila kuwa navyo: redio ndogo ya kifuani inayotuma mawimbi ya kilohezi 457, ufito mrefu unaokunjuka wa kumtafutia aliyefukiwa, na beleshi. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri katika dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo, kisha nafasi inaporomoka. Helikopta haiwahi. Anayekuokoa ni uliyepanda naye, au hakuna. Kikundi cha wapenzi wa mahali hapa, Friends of Berthoud Pass, kimefundisha mambo haya bila malipo kwa watu wengi, jambo ambalo kiwanja chenye tiketi hakikuwa na haja ya kulifanya.

Juu, ngozi zinabanduliwa, zinakunjwa gundi kwa gundi na kuwekwa ndani ya koti zisipoe. Visigino vinafungwa. Kushuka kwenyewe nitakupitia upesi, kwani ndiko kunakopigwa picha na kila mtu. Wanashuka mmoja mmoja. Wengine wanatazama, hawasemi, hadi wa kwanza afike penye miti na kuinua fimbo. Theluji isiyokanyagwa haitaki nguvu: fundi hupinda magoti, ski mbili zinakwenda pamoja, anazama na kuibuka kwa mwendo uleule mmoja, na nyuma yake inabaki alama ya mapindo yanayolingana. Atakayeshuka baada yake, kwa adabu, ataweka yake pembeni ya hiyo bila kuikata, ili nafasi iwatoshe na wengine.

Miteremko mingi ya hapa haiishii kwenye maegesho. Inaishia chini zaidi, kwenye kona za barabara namba 40, na ndipo inapoanza desturi ambayo imedumu kuliko mashine zote. Watu hujipanga ukingoni, ski begani, kidole gumba juu, wakiomba lifti ya kurudi kipitoni. Madereva wa pikapu wanawajua. Kuna kanuni zake: usisimame kwenye kona isiyoonekana, kung'uta theluji yote kabla ya kugusa mlango, ski zilazwe nyuma zisikwaruze rangi, na mwenye gari akiuliza hali ya mlima mwambie ukweli, hata kama ukweli utamleta kesho yake kwenye mteremko wako. Atakayepata gari leo, kesho akiwa na gari tupu anasimama. Wasiopata hawalalamiki sana. Wanaitoa ngozi ndani ya koti, wanaibandika upya chini ya ski, na kuanza kupanda.